Dakika 38 au 45? Kwa nini maswali ya chemsha bongo hugombanisha watu

Ramadhani ikiingia, maswali ya chemsha bongo huingia nayo. Yako redioni baada ya futari, yako kwenye mashindano ya skuli na madrasa, yako kwenye makundi ya WhatsApp ambako mtu huamka daku, akaandika "anayejua ajibu", kisha akarudi kulala. Na kila mwaka mzozo ni ule ule. Swali linatoka, mtu anajibu, mwengine anamkatalia, wa tatu anatoa simu na kusoma jibu ambalo si la yeyote kati ya hao wawili.

Swali linalogombanisha sana hapa kwetu Zanzibar ni la nyumbani: vita vifupi kuliko vyote katika historia, vya Waingereza na Zanzibar, vilivyopiganwa Mji Mkongwe tarehe 27 Agosti 1896, vilidumu dakika ngapi? Kuna wa 38, kuna wa 40, kuna wa 45, na kila mmoja ana pahala alipolisoma. Mtunga swali yeye atakwambia jibu ni moja tu, lile alilonalo kwenye karatasi.

Tuyaweke sawa maneno kwanza. Chemsha bongo ni swali fupi la maarifa ya jumla linalotarajiwa kuwa na jibu fupi: jina, mwaka au namba. Nyuma ya jibu hilo mara nyingi kuna kitu hakijasemwa, nacho ni kipimo. Kipimo ni utaratibu uliotumika kulifikia jibu: umehesabu kutoka wapi hadi wapi, umepima kitu gani, umefuata orodha ya nani. Pia kuna tarehe ya jibu, yaani lilikuwa sahihi lini. Swali likikosa viwili hivi, watu wazima wenye akili zao watabishana mpaka wanuniane.

Chukua wakulima wawili wa Wete, Pemba, wanaoshindana nani kavuna karafuu nyingi. Mmoja kapima kwa pishi, karafuu bado mbichi. Mwengine kaziweka zilizokauka kwenye mizani. Pishi inapima nafasi, mizani inapima uzito, na karafuu ikikauka hupungua vyote viwili lakini si kwa kiasi kimoja. Hakuna mwongo hapo, ila pia hakuna mshindi mpaka wakubaliane wapime kwa kipimo gani.

Sasa turudi kwenye vita vyetu.

Sultani wa Zanzibar, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na Waingereza walitaka mtu asikae kwenye kiti cha ufalme bila ya ridhaa yao. Wao walimtaka Hamoud bin Mohammed. Khalid bin Barghash hakusubiri ridhaa ya mtu, akaingia kasri siku hiyo hiyo na kujitangaza. Akapewa muda: mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka na bendera imeteremshwa. Bandarini zilikuwepo manowari tano za Kiingereza chini ya Admiral Harry Rawson.

Saa tatu ikafika, Khalid hakutoka. Mizinga ikaanza saa tatu na dakika mbili. Kasri ikabomolewa, meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow ikazamishwa, na ilipofika kama saa tatu na dakika 40 bendera ilikuwa imeanguka na mizinga ikanyamaza. Khalid alikuwa ameshakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na baadaye akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimkamata huko mwaka 1916, wakamhamishia visiwa vya mbali, na mwisho alifia Mombasa mwaka 1927.

Hesabu ni hizi. Ukianza na mzinga wa kwanza na kuishia mizinga iliponyamaza, unapata dakika 38. Ukianza na ule muda aliopewa Khalid, saa tatu kamili, unapata 40. Ukianzia hapo hapo na kuuvuta mwisho hadi saa nne kasorobo, kwa vile mambo hayakutulia kwa wakati mmoja kila pahala, unapata 45. Tukio ni moja, na mlango wa kuingilia na wa kutokea ndio unaobadilika. Binafsi ningekuwa natunga swali hili ningekubali namba yoyote kati ya 38 na 45, au ningeandika wazi: kuanzia mzinga wa kwanza.

Na kuna dhana moja inayofuatana na swali hili ambayo inanikera zaidi kuliko tofauti ya dakika saba. Watu husikia "vita vifupi" wakaelewa "vita vya mzaha". Upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa walikadiriwa kuwa kama 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa vibaya baharia mmoja. Ufupi wa vita haukupunguza vifo, ulionyesha tu jinsi nguvu zilivyokuwa hazilingani.

Kubwa, refu, ndefu

Ukishaona mchezo wa kipimo kwenye vita, utauona kila pahala kwenye maswali ya "kuliko yote". Haya ndiyo yanayopendwa, na ndiyo yenye mitego mingi.

Mlima mrefu kuliko yote duniani? Everest, mita 8,848.86, kwa kipimo kilichotangazwa na Nepal na China mwaka 2020. Hilo ni jibu la mtu anayepima kutoka usawa wa bahari, na ndilo la kawaida. Lakini huko Hawaii uko mlima Mauna Kea ambao juu ya bahari una mita 4,207 tu, yaani hata Kilimanjaro yetu ya mita 5,895 inaupita. Sehemu yake kubwa iko majini. Ukiupima kuanzia kitako chake kwenye sakafu ya bahari hadi kileleni, unapindukia mita 10,000.

Kipimo cha tatu ndicho kitamu. Dunia si duara kamili, imetuna kidogo kwenye ikweta. Kipenyo chake kikipita ikweta kinazidi kile cha kutoka ncha hadi ncha kwa kiasi cha kilomita 43. Kwa hivyo mlima ulio karibu na ikweta umeshabebwa juu kabla haujaanza kupimwa. Kilele kilicho mbali kabisa na kitovu cha dunia si Everest, ni Chimborazo wa Ecuador, ambao kwa usawa wa bahari una mita 6,263 tu. Na Kilimanjaro, kwa kuwa iko nyuzi tatu tu kusini ya ikweta, kilele chake kiko mbali zaidi na kitovu cha dunia kuliko kilele cha Everest, kwa zaidi ya kilomita moja na nusu. Mtu akikwambia Kilimanjaro inaipita Everest, usimcheke kabla hujamuuliza kapima kutoka wapi.

Maziwa ya Afrika nayo hivyo hivyo. Ziwa kubwa kuliko yote ni Victoria, kama kubwa maana yake eneo: kilomita za mraba 68,800 hivi. Kama kubwa maana yake maji yaliyomo, Tanganyika inaiacha mbali, kwa sababu Victoria ni pana lakini si la kina, na Tanganyika inashuka hadi mita 1,470. Maji ya Tanganyika ni karibu mara saba ya maji ya Victoria. Hawa ni wale wakulima wetu wa Wete tena.

Mto mrefu ndio kesi ngumu, kwa sababu hata kipimo kikikubaliwa, bado hawajakubaliana mto unaanzia wapi. Na hadithi ya chanzo cha Nile ilipita hapa Unguja. Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka Zanzibar mwaka 1857 kwenda bara. Mwaka uliofuata Speke akafika ukingoni mwa ziwa Victoria na kudai kwamba Nile inatoka humo. Burton hakukubali, yeye alikuwa na matumaini na Tanganyika. Speke akarudi tena, akaanzia tena Zanzibar mwaka 1860 pamoja na James Grant, na mwaka 1862 akayaona maji yakitoka ziwani kuelekea kaskazini. Hata hivyo ziwa nalo linapokea maji. Mto Kagera unaingia Victoria ukiwa umekusanya vijito vya Rwanda na Burundi, na wanaoupa Nile urefu wa kilomita 6,650 hivi huanza kuhesabu kutoka kwenye vijito hivyo, siyo kutoka ziwani.

Amazon nao una shida zake juu na chini. Juu, kijito gani kwenye milima ya Peru kihesabiwe ndio mwanzo? Chini, mto unaingia baharini kwa midomo kadhaa kuzunguka kisiwa kikubwa cha Marajó, sasa mdomo upi ndio mwisho? Vitabu vingi vinaupa kilomita 6,400. Mwaka 2007 watafiti wa Brazil walitangaza kwamba wameupima na kupata 6,800, yaani wameupitisha Nile. Wengine hawakukubali, na vitabu vya skuli vinaendelea na Nile. Kwa wingi wa maji hakuna ubishi, Amazon haina mpinzani. Swali la "mto mrefu" mimi ningeliondoa kabisa kwenye mashindano ya watoto.

"Sisi tulikuwa wa kwanza"

Hapa Wazanzibari tuna udhaifu wetu. Tunapenda kuwa wa kwanza, na mara nyingi kweli tulikuwa wa kwanza, ila tunakata maneno ya mwisho ya sentensi.

Mfano ni televisheni. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikiwa ya rangi, na hutajwa kuwa ya kwanza ya rangi Afrika kusini ya Sahara. Si jambo dogo. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake, ilianza kurusha matangazo ya televisheni nchi nzima mwaka 1976, na Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Lakini ikifika barazani sentensi inakuwa "televisheni ya kwanza Afrika", jambo ambalo si kweli. Ibadan, Nigeria, walikuwa na kituo tangu 1959, na Misri tangu 1960, ingawa picha zao zilikuwa nyeusi na nyeupe. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema tuliwatangulia Waingereza kwa rangi. BBC ilianza matangazo yake ya rangi mwaka 1967.

Umeme ni hadithi ndugu. Husikika kwamba taa za umeme ziliwaka Zanzibar kabla ya London. Anayesema hivyo mara nyingi anakusudia Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ambalo kwa umeme wake na lifti yake lilikuwa ajabu kweli kwa Afrika Mashariki nzima, ndio maana likaitwa hivyo. Lakini London mtambo wa umeme wa Holborn Viaduct ulianza kuwasha taa za barabarani mwaka 1882. Kalenda peke yake inamaliza ubishi huo. Ukisema "Afrika Mashariki" uko salama.

Kwa hivyo kwenye maswali ya "wa kwanza", maneno kama "ya rangi", "kusini ya Sahara", "Afrika Mashariki" si mapambo. Yakitoka, jibu linageuka uongo.

Majibu yaliyokwisha muda

Haya hayana haja ya maelezo marefu. Nchi kubwa Afrika ilikuwa Sudan hadi tarehe 9 Julai 2011, ilipojitenga Sudan Kusini, na sasa ni Algeria. Sayari zilikuwa tisa hadi Agosti 2006, pale jumuiya ya kimataifa ya wanaastronomia ilipoamua Pluto ihesabiwe kuwa sayari kibete, zikabaki nane. Nchi yenye watu wengi duniani ilikuwa China, na mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ukasema India imeipita. Mwalimu aliyesoma zamani hajakosea alichosoma, ila hajakisoma tena.

La kwetu ni karafuu. Bado kuna watu wazima watakwambia bila kupepesa kwamba Zanzibar inaongoza duniani. Iliongoza, na kwa muda mrefu. Leo inaongoza Indonesia kwa mbali sana, nchi ambayo ndiyo asili ya mkarafuu wenyewe, kwenye visiwa vya Maluku. Sehemu kubwa ya karafuu zao huishia kwenye sigara zao za karafuu. Na ndani ya Zanzibar, ukiulizwa kisiwa gani kinatoa karafuu nyingi, jibu ni Pemba. Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu mingi mno ya Unguja, Pemba ikapona, na tangu hapo Unguja haikuipata tena Pemba. Mpemba akijivunia hilo mbele yako, mwache, ana haki yake.

Kuna pia majibu ambayo hayakuwahi kuwa sahihi kwa kipimo chochote wala mwaka wowote. Ukuta wa China hauonekani kwa macho kutoka mwezini. Ni mrefu lakini ni mwembamba, na ukiwa mwezini hata bara zima ni kiraka tu. Yang Liwei, Mchina wa kwanza kwenda anga za juu, mwaka 2003, alisema hakuuona hata kutoka huko karibu alikokuwa akizunguka dunia. Wala hatutumii asilimia kumi tu ya ubongo. Ubongo ni kama asilimia mbili ya uzito wa mwili na unakula karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zote mwilini. Mwili hauwezi kugharimia kiasi hicho kwa kitu kilicholala.

Swali lenye miba

Nimeliacha la mwisho kwa makusudi kwa sababu lina siasa ndani yake: Afrika ina nchi ngapi?

Ukifuata orodha ya Umoja wa Mataifa, ni 54. Ukifuata Umoja wa Afrika, wanachama ni 55, kwa sababu umo pia Sahara Magharibi, yaani Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahrawi, ambayo Umoja wa Mataifa haukuipokea. Hapa kipimo si mita wala dakika, ni orodha ya nani. Orodha huandikwa na watu kwa sababu zao, ndio maana hata mtaalamu hawezi kukupa namba moja bila kwanza kuchagua upande.

Swali la pili hulifuata la kwanza hapa visiwani bila ya kualikwa: na Zanzibar, ni nchi? Mwaka 2008 aliyekuwa Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, alilijibu Bungeni kwamba si nchi, na kelele zilizotoka Unguja na Pemba wengi wanazikumbuka. Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema Tanzania ni nchi moja. Katiba ya Zanzibar, baada ya mabadiliko ya mwaka 2010, inasema Zanzibar ni nchi, na inaitaja kuwa miongoni mwa nchi mbili zinazounda Muungano. Sitoi hukumu hapa. Kwa mtunga swali la chemsha bongo inatosha kujua kwamba swali hili halina jibu la neno moja: lazima useme kwa katiba ipi, au kwa orodha ipi.

Wanamichezo walilijua hilo kwa uchungu zaidi. Zanzibar ina timu yake ya taifa ya mpira wa miguu na hata ilitwaa kombe la CECAFA, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, mwaka 1995. Tarehe 16 Machi 2017, kwenye mkutano wa Addis Ababa, CAF, shirikisho la mpira wa miguu la Afrika, iliipokea kuwa mwanachama kamili wa 55. Mitaani ilikuwa furaha. Tarehe 21 Julai mwaka huo huo, kwenye mkutano wa Rabat, ikaiondoa. Hoja ya rais wa CAF, Ahmad Ahmad, ilikuwa kwamba kanuni haziruhusu vyama viwili kutoka nchi moja, na nchi kwao ni ile inayotambuliwa na Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Orodha moja ikaazima kipimo cha orodha nyengine.

Na huko Umoja wa Mataifa kwenyewe, wengi hawajui kwamba Zanzibar iliwahi kukaa. Ilipata uhuru tarehe 10 Disemba 1963, na tarehe 16 mwezi huo huo ikapokelewa kuwa mwanachama, siku moja na Kenya. Mapinduzi yakaja Januari 12, Muungano Aprili 26, viti viwili vya Tanganyika na Zanzibar vikawa kimoja.

Kwa hivyo ukitaka swali la kuwaamsha watu daku, waulize hili: Zanzibar ilikuwa mwanachama kamili wa jumuiya gani kwa miezi minne na siku chache tu? Ila usisahau kuandika mwaka, maana atakayejibu Umoja wa Mataifa na atakayejibu CAF wote watakudai zawadi.